Kumwandaa mbwa kwa shindano lake la kwanza la ajiliti: mwongozo kamili kwa wafugaji wa Mtwara na Lindi

Ajiliti ni mchezo wa mbwa mmoja na mtu mmoja. Mbwa hukimbia bila kamba katika uwanja wenye vizuizi vilivyopangwa kwa namba: anaruka viunzi, anapita ndani ya bomba, anapanda na kushuka madaraja, anapenya katikati ya fito. Mtu hukimbia pamoja naye akimwelekeza kwa mwili na sauti, bila kumgusa na bila chakula mkononi. Mchezo huu ulionyeshwa Februari 1978 kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts jijini London ili kuwaburudisha watazamaji, na wazo lake lilitokana na mashindano ya farasi ya kuruka viunzi. Leo nchi nyingi hufuata kanuni za FCI, shirikisho la kimataifa lenye makao yake Ubelgiji, na ndizo nitakazozitumia hapa kama kipimo.

Namwandikia mfugaji wa Shangani, Naliendele, Mikindani, Lindi mjini au Masasi mwenye mbwa wa kienyeji wa kawaida. Mbwa huyu ana miguu mirefu, mwili mwepesi, manyoya mafupi yanayostahimili joto, na akili ya kujitafutia. Kwa umbo lake anaufaa mchezo huu kuliko mbwa wengi wa kununuliwa kwa bei kubwa. Anachokosa ni kitu kingine. Mbwa wetu wengi hushinda wamefungwa bandani mchana kutwa na kuachiwa usiku walinde. Wanajua kubweka na kula. Hakuna aliyewahi kucheza nao. Kuruka si tatizo, maana mbwa mwenye afya huruka ukuta akisikia jike la jirani limeiva. Kazi ya miezi ni kumfikisha mahali ambapo ataacha kuku, harufu na watoto wanaopita, akakutazama wewe. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inakuja kabla ya kiunzi cha kwanza, na nakusihi usiiruke.

Mkague mbwa mwenyewe

Kanuni za FCI zinataka mbwa awe ametimiza miezi 18 ndipo ashindane. Sababu ni mifupa. Ncha za mifupa ya mbwa mchanga bado ni laini, na kuruka juu au kukata kona kwa kasi kunaweza kuziharibu moja kwa moja. Kabla hajatimiza mwaka mmoja mfundishe mambo ya chini tu: kukaa, kungoja, kutembea juu ya ubao uliolazwa ardhini, kupita ndani ya bomba lililonyooka, kukimbia kati ya nguzo za kiunzi ambacho ufito wake umelala chini. Kimo cha kiunzi kiongezwe baadaye, taratibu.

Mpime mabegani, pale shingo inapokutana na mgongo, akiwa amesimama sawasawa. Chini ya sentimita 35 ni kundi la wadogo, nao huruka sentimita 25 hadi 30. Kuanzia 35 hadi chini ya 43 huruka 35 hadi 40. Kuanzia 43 hadi chini ya 48 huruka 45 hadi 50. Wenye 48 na kuendelea huruka 55 hadi 60. Mbwa wengi wa kienyeji ninaowaona huku Kusini wanaangukia makundi mawili ya juu. Kwa shindano la kwanza la mtaani mimi ningeshusha kila kundi ngazi moja, kwa sababu mbwa anayeruka chini na kutua vizuri anajifunza upesi kuliko anayehangaika na urefu.

Pitisha viganja ubavuni. Mbavu uzihisi bila kubonyeza, lakini zisiwe zinahesabika kutoka upande wa pili wa barabara. Mbwa aliyekonda kwa minyoo na ugali mtupu hana misuli ya kutua. Mpe dawa ya minyoo kila baada ya miezi mitatu, mwongezee dagaa au utumbo uliochemshwa, msubiri anenepe kidogo ndipo uanze. Angalia kucha pia. Zikigonga sakafu anapotembea, zipunguzwe.

Chanjo ya kichaa cha mbwa si ya hiari. Hutolewa kuanzia umri wa miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Lindi na Mtwara zilikuwa ndani ya mradi wa kutokomeza kichaa cha mbwa kusini mashariki mwa Tanzania, ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani kuanzia 2010, kwa hiyo wafugaji wengi wa zamani wanazikumbuka siku za kupeleka mbwa kuchanjwa. Kadi ya chanjo itunze, maana bila hiyo mbwa asiingie uwanjani pamoja na wenzake. Muulize mtaalamu wa mifugo pia kuhusu chanjo za distempa na parvo, magonjwa mengine hatari ya mbwa.

Kupe wachunguze kila baada ya mazoezi: kati ya vidole, ndani ya masikio, kwapani. Mbwa aliyezubaa ghafla, mwenye ufizi mweupe au anayetokwa na damu puani, apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo. Mlioko upande wa Liwale, karibu na mapori, kumbukeni mbung'o: ugonjwa wanaoueneza unaweza kumfanya mbwa awe na ukungu machoni, na ni ugonjwa wa kuua.

Majirani na uwanja

Hili waandishi wa mbali hawaligusi, lakini kwetu linaamua kama mchezo utaendelea. Wenyeji wengi wa pwani ni Waislamu, na kwa wafuasi wa Imamu Shafi mate ya mbwa ni najisi: chombo alicholamba huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Basi beba ndoo na bakuli zako mwenyewe, usiazime chombo cha mtu, usimpeleke mbwa kunywa kwenye bomba la mtaa. Usifanyie mazoezi kwenye njia ya waendao msikitini, wala mbwa asimrukie mtu aliyevaa kanzu akielekea kuswali. Kabla ya kuanza kutumia uwanja wowote, nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mpe shikamoo yake, mweleze unachofanya, na mwonyeshe kadi ya chanjo. Mzee akishajua mapema, mtu akija kulalamika atamjibu yeye kabla yako.

Uwanja mzuri ni wa nyasi fupi au mchanga ulioshikana, kama mchanga wa ufukweni maji yakiwa yametoka kupwa. Mchanga mkavu unaozama humchosha mbwa na kumtegua mabega. Kagua vioo, misumari na miiba kwa kutembea uwanja mzima. Ukifanyia chini ya mikorosho, ondoa maganda: ganda bichi la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi, na mbwa atalitafuna. Katika miezi ya kupuliza salfa, kaa mbali na mashamba yaliyopulizwa karibuni, kwani vumbi lile linachoma macho na pua.

Fanya mazoezi kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa moja na nusu, au baada ya saa kumi na moja jioni. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Hupoza damu kwa kuhema, na hewa yetu yenye unyevu wa bahari inakupunguza nguvu kuhema kule. Weka kiganja chako ardhini na uhesabu hadi saba. Ukishindwa kuvumilia, miguu yake nayo haiwezi.

Upange mwaka wako hivi

Mvua zetu huanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili. Kipindi hicho fundisha msingi, barazani au ndani ya ua, hauhitaji uwanja. Mei, ardhi ikianza kukauka, tengeneza vifaa. Juni hadi Agosti, kusi likivuma na asubuhi zikiwa na ubaridi, ndio wakati wa vizuizi na wa kukimbia. Shindano liweke Septemba, kabla watu hawajazama kwenye mavuno ya korosho na minada yake na kabla joto halijarudi. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na shindano dogo lililounganishwa na zoezi la chanjo litakupatia mtaalamu wa mifugo, watazamaji na baraka za ofisi kwa mpigo mmoja.

Msingi: mbwa akupende uwanjani

Anza na alama ya "hapo umepatia". Kidoko cha ulimi kinatosha, hakinunuliwi na hakisahauliki nyumbani. Piga kidoko, mpe kipande cha chakula. Piga tena, mpe tena. Usimwamrishe lolote. Siku chache zikipita, akisikia kidoko atageuza kichwa kutafuta chakula, na hapo umepata namna ya kumwambia kwa sekunde ileile ni tendo gani limekufurahisha. Kidoko kije wakati tendo linatokea, chakula kifuate.

Chakula cha mafunzo kiwe kidogo na kitamu: maini yaliyochemshwa yakakatwa vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi, au dagaa waliolowekwa hadi chumvi ikatoka. Epuka vitunguu, chokoleti, korosho za chumvi na mifupa ya kuku iliyopikwa. Dakika tano zinatosha kwa awamu moja, mara mbili au tatu kwa siku. Acha wakati bado anataka.

Kisha jenga tabia hizi, moja baada ya nyingine.

*Kunitazama.* Simama kimya. Akikutazama usoni, kidoko na chakula. Fanya barazani, kisha uani penye kuku, kisha barabarani pikipiki zikipita. Usiongeze ugumu kabla hajafaulu kwa urahisi pale alipo.

*Kugusa kiganja.* Nyoosha kiganja karibu na pua yake, akikigusa, mzawadie. Baadaye kiganja hiki ndicho kitakachomvuta aje upande wako katikati ya mbio.

*Kaa na ngoja.* Akae, upige hatua moja, urudi umzawadie palepale alipokaa. Halafu hatua mbili, tano, kumi, halafu kimbia. Uwanjani utahitaji kumwacha nyuma ya mstari wa kuanzia ukatangulia vizuizi viwili mbele yake, na mtu asiye na "ngoja" imara huanza mbio akiwa ameshachelewa.

*Kukimbia pande zote mbili.* Wengi huzoesha mbwa upande wa kushoto tu. Katika ajiliti anatakiwa kuwa kulia na kushoto kwa usawa. Kimbia mduara naye akiwa ndani, kisha akiwa nje. Badilisha mwendo: polepole, haraka, simama. Mzawadie kando ya mguu wako, chini, kwa mkono ulio upande wake.

*Kuvutana.* Sokota kanga kuukuu iwe kamba nene, ifunge fundo, mvutane. Mbwa aliyefungwa miaka hajui kucheza na huenda mwanzoni akakushangaa. Buruta kamba ile ardhini ikimkimbia, mwache aishike, mwache ashinde. Mfundishe pia neno "acha", kwa kumbadilishia na chakula. Nalitilia mkazo zoezi hili kwa sababu chakula humfanya mbwa awe makini, lakini kasi huletwa na mchezo.

*Njoo.* Tumia kamba ya katani ya mita kumi ikiburuta nyuma yake. Mwite mara moja. Akija, sherehe. Asipokuja, okota kamba, mvute taratibu, na bado mpokee vizuri. Usimwite kamwe kwenda kumfunga au kumkaripia.

Kuhusu fimbo nasema wazi: iache nyumbani. Wako watakaokwambia mbwa haelewi bila kuchapwa. Katika mchezo huu mkono wako ndio kibao cha kumwonyesha njia. Mbwa aliyechapwa anauogopa mkono, na ukiunyoosha kumwelekeza atapinda kwenda mbali nao. Huwezi kumrekebisha kwa ufundi wowote mbwa anayekukimbia moyoni.

Msingi huu unaweza kuchukua miezi mitatu au minne. Ukimwachia kamba kwenye ua usio wake, kuku wakipita, naye akabaki na wewe dakika tatu, mko tayari kwa vizuizi.

Vizuizi, na namna ya kuvitengeneza huku kwetu

Chagua maneno ya amri yasiyofanana kwa sauti. "Ruka" na "suka" yatamchanganya. Mimi napendekeza "ruka" kwa viunzi, "ingia" kwa bomba, "panda" kwa madaraja, "gusa" kwa mwisho wa daraja, na "kata-kata" kwa fito.

Kiunzi. Ufito uwe na urefu wa sentimita 120 hadi 130, na lazima uanguke ukiguswa kidogo tu. Bomba za plastiki za fundi bomba zinafaa. Usiufunge kwa kamba, usiupigilie misumari, na usitumie mti mzito. Kwa vishikio, kata chupa za maji nusu, uzifungie kwenye nguzo mdomo ukiwa umetazama juu, ufito ulale juu yake. Anza ufito ukiwa chini. Mbwa apite katikati ya nguzo, wewe ukikimbia sambamba naye, kisha tupa zawadi mbele yake ili ajifunze kutazama anakokwenda. Pandisha sentimita tano tano. Akiangusha mara mbili mfululizo, shusha. Anayeangusha mara nyingi huwa anarukia karibu mno au mbali mno, na dawa ni kupanga viunzi vya chini vitatu au vinne kwa mstari, vikiachana kadiri ya mita mbili hivi kwa mbwa mkubwa, apate mdundo wa kutua na kuruka.

Bomba. Kanuni zinataka kipenyo cha sentimita 60 na urefu wa mita 3 hadi 6. Pipa la plastiki la lita 200 linakaribia kipenyo hicho. Kata vichwa vya mapipa matatu, uyaunganishe, na ufunike kingo zote kwa mpira wa maji uliopasuliwa katikati. Pipa la chuma usitumie, linaunguza juani na kingo zake zinakata. Lizuie pande zote kwa viroba vya mchanga lisibiringike. Mara ya kwanza tumia pipa moja tu. Mtu amshike mbwa upande huu, wewe chutama upande wa pili akuone. Mbwa wengi huelewa siku ileile. Baadaye wengi hulipenda kupita kiasi, wakaliona na kulikimbilia hata kama si zamu yake.

Daraja, paa na bembea. Hapa nakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mbwa huumia na hapa ndipo makosa hutokea. Vizuizi hivi vitatu vina eneo la rangi tofauti mwanzoni na mwishoni ambalo mbwa lazima alikanyage. Kanuni hiyo inalinda viungo vyake: inamzuia kuruka kutoka juu.

Daraja ni mbao tatu: moja ya kupandia, ya kati iliyo juu mita 1.20 hadi 1.30, na ya kushukia. Kila ubao una urefu wa mita 3.60 hadi 3.80 na upana wa sentimita 30. Ubao wa futi 12 wenye upana wa inchi 12, unaopatikana kwa wauza mbao, ni kama mita 3.66 kwa sentimita 30, yaani umo ndani ya kipimo bila kukata chochote. Eneo la kugusa ni sentimita 90 za mwisho. Paka rangi, na kabla haijakauka nyunyizia mchanga laini wa mtoni uliochekechwa, ili asiteleze. Paa ni mbao mbili pana zilizokutana juu mithili ya mgongo wa nyumba. Kileleni ni mita 1.70, na eneo la kugusa ni sentimita 106 kwenda juu. Kwa mafunzo lijenge likiwa na mita 1 au pungufu. Bembea ni ubao uleule mmoja juu ya mhimili wa sentimita 60.

Mafunzo yote yanaanzia kwenye ubao mmoja uliolazwa ardhini. Mbwa atembee juu yake, afike mwisho, ashushe miguu ya mbele ardhini na abakize ya nyuma kwenye ubao. Hapo sema "gusa", piga kidoko, mpe chakula chini, kati ya miguu yake ya mbele. Rudia mpaka aukimbilie ubao mwenyewe na kusimama hivyo bila kuongozwa, iwe wewe uko kushoto, kulia, nyuma au umeshatangulia. Ndipo uinue upande mmoja kwa tofali moja, halafu mawili, halafu benchi. Usikubali siku hata moja aruke kutoka katikati ukamsifia kwa sababu alikuwa na kasi.

Bembea humtisha mbwa kwa mwendo na kwa kishindo. Tenganisha mambo hayo mawili. Kishindo: mwache aupigie ubao chini kwa miguu ya mbele, upande ulioinuka sentimita chache tu, na kila ukigonga mpe chakula. Mwendo: weka gogo dogo chini ya ubao, shika ncha kwa mkono, mwache ashuke nayo polepole. Mbwa aliyetishwa na bembea mara moja anaweza kuikataa kwa miezi, na mara nyingi hofu hiyo huhamia kwenye daraja, kwa kuwa kutoka chini vinafanana. Kama hakuna uhakika wa bembea, iache nje ya shindano la kwanza kabisa.

Fito. Hiki ndicho kizuizi ambacho hakuna mbwa anayekigundua kwa silika yake. Fito 12, zinazoachana sentimita 60, urefu wa mita 1 au zaidi. Mbwa aingie fito ya kwanza ikiwa begani kwake kushoto, kisha apenye huku na huku hadi mwisho. Mianzi myembamba au bomba za plastiki zilizochomekwa mchangani zinatosha. Panga sita kwa safu mbili zilizopishana, zikiacha uchochoro katikati. Mbwa apite uchochoroni moja kwa moja, zawadi ikimngoja mbele. Kila baada ya siku chache, sogeza safu zikaribiane kwa upana wa vidole viwili au vitatu. Atakuja kuanza kupinda mwili bila kujua. Ukiona anatokea pembeni, panua tena. Safu zikishakuwa moja, mfundishe kuingia kutoka pembe mbalimbali, kwa sababu uwanjani hatakuja kwa mstari ulionyooka. Dakika chache kwa siku tu, maana zoezi hili linautesa mgongo. Likikamilika na sita, ongeza.

Tairi na mruko wa mbali (kuruka kwa urefu, si kwa kimo) havina tabu. Tairi linaninginia kwenye fremu, tundu lake ni sentimita 45 hadi 60. La pikipiki mara nyingi huwa dogo. Mpira wa maji mnene uliokunjwa duara ni salama zaidi, tena uunganishe kwa utepe wa karatasi wenye gundi ufunguke mbwa akijigonga.

Kukimbia pamoja

Mbwa husoma miguu na mabega yako kabla ya kusikia neno lako. Vidole vya miguu vikielekea kiunzi, atakwenda kiunzi. Ukigeuka kumtazama, atapunguza mwendo au atakufuata wewe. Kwa hiyo fanya mazoezi ya miguu yako peke yako, bila mbwa, hata kama wapita njia watauliza.

Jifunze mageuzi mawili. La kwanza ni kukata mbele: mbwa akiwa nyuma yako, unazunguka ukimtazama na kubadilisha mkono, anahamia upande wako wa pili. Linataka uwe umemtangulia. La pili ni kukata nyuma: mbwa akiwa mbele anaelekea kiunzi, unapita nyuma yake kwenda upande wa pili, naye anageukia huko anapotua. Linamfaa mwenye mbwa mwenye kasi kumzidi. Yote mawili yafanyie kwanza kwenye ardhi tupu, halafu kwa kiunzi kimoja kilicho chini.

Anza na vizuizi vitatu, kisha vitano, kisha saba, vikiachana mita 5 hadi 7. Usikimbize uwanja mzima kila siku. Siku mbili au tatu za vizuizi kwa wiki zinatosha. Zilizobaki ni matembezi, msingi na mapumziko. Akikosea njia, endelea kukimbia kana kwamba ndiyo uliyotaka, malizeni vizuri, kisha urudi kujiuliza mguu wako ulikuwa umeelekea wapi. Kosa la njia karibu kila mara ni la mtu.

Kanuni za kutosha kwa shindano la wanaoanza

Eneo la mita 20 kwa 40 linatosha, yaani sehemu tu ya uwanja wa mpira. Kanuni za FCI hupanga vizuizi 15 hadi 22. Kwa mara ya kwanza mtaani, 10 hadi 12 vinatosha, viunzi vikiwa vingi, bomba moja au mawili, daraja la chini, fito sita. Zungushia kamba uwanja, na mbwa wanaosubiri wakae mbali na mlango.

Fito ya kiunzi ikianguka ni makosa 5. Kutokanyaga eneo la kugusa ni 5. Kukataa kizuizi, yaani kusimama mbele yake, kukipita pembeni au kuingia bomba na kurudi, ni 5 kila mara, na ya tatu inamtoa mbwa. Kuchukua kizuizi kisicho zamu yake kunamtoa hapohapo. Kwa muda, pima njia atakayopita mbwa kwa kamba: njia ya mita 100 kwa kasi ya mita 2.5 kwa sekunde ni sekunde 40, na kila sekunde inayozidi ni kosa 1. Asiyefikisha makosa 6 anahesabiwa bora sana, asiyefikisha 16 mzuri sana, asiyefikisha 26 mzuri. Wenye makosa sawa hutenganishwa na muda.

Mbwa jike aliye kwenye joto akimbie wa mwisho. Mwenye mimba, mgonjwa au mkali kwa watu abaki nyumbani.

Siku yenyewe

Usimpe mlo mzito asubuhi. Fika mapema, mtafutie kivuli, mwache anuse uwanja kwa nje mpaka atulie. Washindani huruhusiwa kupita njia bila mbwa. Tumia nafasi hiyo kwa bidii: pita mara ya kwanza kujua namba, ya pili ukitazama kwa kimo cha mbwa anachokiona akitua, ya tatu ukikimbia na mkono wako ukiuelekeza kila kizuizi, mpaka uweze kufumba macho na kuitaja njia yote.

Mpashe mwili joto kwa matembezi na mbio nyepesi za dakika kumi, viunzi viwili vya chini, mchezo mfupi wa kamba. Mwondolee mnyororo na kola inayoninginia. Kaa, ngoja, tangulia, vuta pumzi, mwite.

Akitolewa, msifie, toka naye haraka na kwa furaha. Hajui maana ya kutolewa. Akikimbilia watazamaji, chutama na umwite ukimgeuzia mgongo nusu. Kumfukuza kunamfanya aone ni mchezo mpya.

Baada ya mbio mtembeze dakika kadhaa kabla ya kumlaza, maji kidogo kidogo. Akihema bila kikomo, ufizi ukawa mwekundu sana, akayumba au kutapika, hilo ni joto kali la mwili: mwingize kivulini, mmwagie maji ya kawaida tumboni, kwapani na miguuni, mpepee, na umpeleke kwa daktari hata kama anaonekana amepata nafuu.

Jioni kagua nyayo zake kama zimechubuka. Mpumzishe siku mbili bila vizuizi. Ya tatu, chukua kitu kimoja tu kilichowashinda, labda kuingia fito kwa pembe kali au kushuka daraja ukiwa nyuma yake, mkirudie kikiwa rahisi kuliko kilivyokuwa uwanjani.